SOMO LA ROBO HII: Nani Amegonga Muhuri Kwenye Fomu Yako ya Umeme?



Kumbukumbu la Torati 22:8 lina agizo dogo ambalo wengi hulipita haraka. Mtu anayejenga nyumba anatakiwa kuizungushia dari yake ukuta mfupi, kwa sababu mgeni akianguka kutoka juu lawama inamrudia mwenye nyumba. Wakati ule watu walipumzika na kulala juu ya dari. Nyumba zetu za Chikongola ni za bati, hakuna anayelala juu. Hatari tuliyonayo sisi imefukiwa ukutani pamoja na nyaya, wala mgeni haioni.

Somo hili linawahusu wenye nyumba, na zaidi linazihusu kamati za ujenzi za sharika na vikundi vyetu, zile zinazojenga darasa la chekechea, ukumbi au nyumba ya mtumishi. Kamati hizi hukaa vikao vitatu kuchagua rangi ya bati. Fundi wa umeme hupatikana kwa simu moja.

Sheria inasemaje

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 imeiweka kazi ya kufunga mifumo ya umeme miongoni mwa kazi zinazohitaji leseni. Leseni hiyo hutolewa na EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, iliyoanza kazi mwaka 2006. Leseni zina madaraja yanayotajwa kwa herufi, na kila daraja lina mipaka yake. Mwenye leseni ya nyumba ndogo hana ruhusa ya kufunga mashine ya kusaga au jengo lenye umeme wa njia tatu. Kampuni inayochukua mkataba wa ujenzi hutakiwa pia kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), iliyoundwa na sheria ya mwaka 1997. Usajili mmoja haufuti mwingine, kwa hiyo kamati ikionyeshwa cheti cha CRB peke yake, iendelee kuuliza.

TANESCO nayo, kabla ya kuunganisha umeme, hutaka fomu iliyosainiwa na kugongwa muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Muhuri huo unathibitisha kwamba aliyeugonga anaijua kazi iliyofanyika na anabeba dhamana yake.

Muhuri wa kuazima

Shida yetu ipo hapo. Fundi wa mtaani anatandaza nyaya. Kazi ikiisha anachukua fomu, anampelekea mtu mwenye leseni ambaye pengine hajawahi kukanyaga mtaa huo, analipa kitu kidogo, na fomu inarudi na muhuri. Mwenye nyumba anafurahi kwa kuwa mita ya LUKU imefungwa. Siku moto ukitokea anagundua kwamba jina lililo kwenye fomu ni la mtu asiyemfahamu, na yule anayemfahamu hayumo kwenye karatasi yoyote.

Tuseme wazi: huo ni ushahidi wa uongo, na waumini tunashiriki tunapolipia. Mara nyingi kinachosukuma ni haraka. Minada ya korosho huanza kwa kawaida mwezi Oktoba, fedha zinaingia, kila mmoja anataka taa ziwake kabla ya Krismasi au kabla ya harusi ya binti, na mafundi wanaoaminika wana kazi nyingi mno. Kishoka hakosekani. Yeye anaahidi kila kitu, mpaka na mita.

Kamati ifanye nini? Imwombe fundi leseni halisi, siyo picha iliyo kwenye simu, na isome jina, daraja na tarehe ya mwisho. Ihakikishe leseni hiyo kwa EWURA yenyewe. Kisha iulize swali moja tu, kwa heshima: "Fundi, atakayegonga muhuri ni nani, na atafika hapa lini kupima?" Kama mwenye muhuri ni mtu mwingine, hilo si kosa, maana mwenye leseni anaweza kuwa na vijana wanaomfanyia kazi. Ila aje yeye mwenyewe angalau mara mbili, kabla plasta haijafunika mabomba na baada ya kazi kwisha. Mapatano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari. Sehemu ya mwisho ya malipo ishikiliwe mpaka vipimo vifanyike mbele ya wajumbe wawili wa kamati.

Kwa nini vipimo, hasa kwetu Mtwara

Hapa naomba twende polepole. Kwa nyumba ya kawaida TANESCO huleta nyaya mbili tu. Waya wa tatu, yaani ethi, ni jukumu la mwenye nyumba, na hufungwa kwenye nondo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Kazi yake ni kuupeleka umeme uliopotea njia chini ya ardhi kwa nguvu kiasi kwamba sakiti breka iruke.

Sasa fikiri juu ya udongo wetu wa kichanga mwezi wa Septemba au Oktoba, mvua ikiwa haijanyesha kwa miezi. Mchanga mkavu hupitisha umeme kwa shida. Tuseme ukinzani wa ethi ni omu 100. Umeme wetu ni volti 230. Gawanya 230 kwa 100, unapata ampia 2.3. Breka ya soketi ya ampia 20 haitaruka hata siku moja kwa ampia 2.3. Waya ukichubuka ndani ya friji, bati la friji litabaki na umeme, taa zitaendelea kuwaka kama kawaida, na mtoto atakuja pekupeku kuchukua maji.

Kwa hiyo ethi ipimwe kwa kifaa, na wakati mzuri wa kupima ni kiangazi. Ikipimwa Februari, udongo ukiwa umelowa, jibu litapendeza kuliko hali ya Oktoba. Ikionekana dhaifu, nondo ndefu zaidi husaidia, au nondo ya pili iliyopigiliwa mbali kidogo na kuunganishwa na ya kwanza. Pamoja na hayo ombeni kifungwe kikata umeme kinachohisi umeme unaovuja, kile kilichoandikwa 30 mA. Hicho kinakata kwa sehemu ndogo sana ya zile ampia 2.3. Kina kibonyezo chenye herufi T. Kibonyezeni mara kwa mara kuona kama bado kinakata.

Kipimo kingine mafundi hukiita mega. Nyaya hupimwa kwa volti 500 kabla ya kuunganishwa, na ukinzani wake usipungue megaomu 1. Fundi asiye na kifaa cha mega wala cha kupimia ethi anaweza kuwa hodari wa kutandaza nyaya, lakini hana njia ya kujua kama alichotandaza ni salama.

Nyaya nazo ziangaliwe. Zipo za alumini zilizopakwa shaba juu. Kwangua kwa kisu, weupe utaonekana. Taa kwa kawaida hutumia waya wa milimita 1.5 na soketi 2.5. Na kwa kuwa tunaishi karibu na bahari, fungueni baadhi ya soketi kila baada ya miaka michache, meni swichi ikiwa imezimwa, fundi aangalie kutu ya chumvi kwenye skrubu.

Vijana wetu je?

Msomaji anaweza kusema: ukiwakataa wasio na leseni, unawanyima kula vijana wa Chikongola na Majengo waliojifunza kwa kubeba ngazi za wakubwa wao. Hoja hii ni ya kweli na hatupaswi kuipuuza. Wengine kati yao wana mikono mizuri kuliko wenye vyeti. Lakini VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi anapimwa kwa kazi, anafundishwa pale alipopungukiwa, anapewa cheti. Mtwara tuna chuo cha VETA hapa hapa mjini. Cheti hicho, pamoja na uzoefu wa kazi, kinamfungulia njia ya kuomba leseni ya daraja la chini EWURA.

Kinachowakwamisha wengi ni ada, nauli na woga wa fomu. Hayo matatu kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kuyabeba. Kumkopesha kijana mmoja ada ya kurasimishwa, na kumnunulia mega ya kutumia kwa zamu na wenzake, ni mradi mdogo kuliko mingi tuliyokwisha kuijaribu, na nyumba zinazomngoja ni za majirani zetu.

Maswali ya kujadili katika vikundi

Je, jengo letu la mwisho lilipimwa ethi? Karatasi ya vipimo iko wapi, na jina gani limeandikwa juu yake? Ni fundi yupi mtaani kwetu tungemwamini kwa kazi lakini hana leseni, na nani kati yetu atakwenda kuzungumza naye wiki hii?