KUNA HAJA GANI?

Muhula uliopita chama chetu kilisafisha mtaro ulio nje ya lango la shule. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu tuliukuta umejaa tena: chupa za soda, kandambili kuukuu, karatasi za kachiri. Nilikasirika, nikamwambia mwalimu mlezi, "Mwalimu, kuna haja gani? Si sote tutakufa tu!" Akacheka, akasema wazo hilo lina jina, akanituma nilichunguze.

Jina lake ni unihilisti, kutokana na neno la Kilatini nihil, yaani "hakuna kitu". Ni fikra kwamba maisha hayana maana, na kwamba jema na baya ni sawa tu. Mwanafalsafa Mjerumani Friedrich Nietzsche (1844-1900) aliona hatari hiyo ikiikabili Ulaya. Dawa yake ilikuwa ubunifu: binadamu aunde maana mwenyewe.

Hapo nilisita kidogo. Je, kuunda peke yake kwatosha? Hata mfuko wa plastiki uliundwa na binadamu, na Agosti 2017 ilibidi Kenya ipige marufuku mifuko hiyo ya kubebea bidhaa. Basi ubunifu nao wahitaji maadili. Hans Jonas, mzaliwa wa Ujerumani, aliandika katika kitabu chake cha 1979 kwamba tutende mambo yasiyoharibu uwezekano wa binadamu kuendelea kuishi duniani. Yaani hata wale ambao hawajazaliwa wanatudai.

Mfano mzuri uko kwetu Lamu. Mwaka 2018 mafundi waliunda jahazi, liitwalo Flipflopi, kwa plastiki iliyookotwa, wakalivika vipande vya kandambili za rangi zote. Mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar, takriban kilomita 500. Je, bahari ilitakata? La hasha! Lakini takataka ambazo zingemsonga kasa zilibeba watu. Mafundi hawakungoja kwanza wahakikishiwe kwamba watashinda.

Nami nimejibiwa. Nilidhani mtaro ukijaa tena, kazi yetu imekuwa bure. Kumbe maana ya kazi haikuwa mtaroni ikitungoja. Tuliileta sisi, na majembe yetu.

Mtaro bado unajaa. Ijumaa tunarudi. Ewe mwenzangu, ukipita hapo na chupa mkononi, hebu ishikilie kwanza.