Batri ya zamani ndani ya lupango: feza kidogo, hatari kubwa



Batri ya motokari ikikufa, wengine hawaitupi. Wanaipasua, wanamwaga asidi chini, kisha wanayeyusha risasi, ndiyo plomu, ili waiuze. Risasi inayeyuka kwa digri 327 tu. Makala ya mbabula yanatosha. Kwa hiyo kazi inaonekana rahisi. Lakini sumu yake haionekani kwa macho.

Inaingia namna gani? Kwa pumzi, pamoja na moshi na vumbi. Kwa kinywa, pamoja na mikono michafu na chakula. Halafu inakaa katika mifupa miaka mingi. Mtoto mdogo anayemeza vumbi hilo, mwili wake unashika risasi mara 4 au 5 kupita mwili wa mtu mzima. Mama mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto aliye tumboni.

Huko Thiaroye, karibu na Dakar katika inchi ya Senegal, watu walichekecha udongo wenye mabaki ya batri ili wapate risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa.

Alama ni hizi: tumbo kuuma, choo kigumu, uchovu, kupunguka kwa damu, mtoto kuwa mzito katika masomo. Sumu ikizidi, mtoto anashikwa na degedege. Usingoje siku hiyo. Mpeleke hospitali, umwambie muganga bila haya: «Kwetu tunayeyusha batri.» Damu itapimwa. Dawa za kutoa risasi ziko, lakini ubongo ulioharibika mara nyingi haurudi kama zamani.

Wengine wanasema maziwa yanaondoa sumu hii. Hapana. Maziwa, ndakala, maharagi na lengalenga vinasaidia mwili usishike risasi nyingi; haviponyeshi.

Basi, baba na mama, fanyeni hivi:

1. Batri uiuze nzima, na asidi yake ndani. Kiwanda cha kweli kinaipasua ndani ya mashini iliyofungwa, na vichujio vinashika vumbi la tanuru.
2. Nguo za kazi zisiingie nyumbani, wala zisifuliwe pamoja na za watoto.
3. Nawa mikono kwa sabuni mbele ya kula.
4. Nyunyiza maji mbele ya kufagia.

Bei ya risasi ya batri moja inakwisha kwa siku chache. Akili ya mtoto haiuzwi sokoni.