Somo la Afya: Majibu ya Damu na Leseni ya Rubani

Wanaotaraji urubani wanafahamishwa kuwa alama ya “chini” au “juu” katika jibu la maabara, liwe limetolewa Kariakoo au kwingineko Dar es Salaam, siyo hukumu. Mipaka ya kawaida huwekwa ili ikusanye watu 95 katika kila wazima 100; watano waliobakia huangukia nje, nao hawaumwi. Aidha, Waafrika wengi wamerithi chembe nyeupe za damu zilizo chache kuliko za Wazungu, ambao damu yao ndiyo iliyotumika kuweka mipaka mingi.

Upungufu wa damu ni jambo jingine. Himoglobini ndiyo ibebayo oksijeni, na huko juu oksijeni ni haba. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga humzuia mwenye maradhi ya damu mpaka achunguzwe ipasavyo na ithibitike kuwa hayataathiri urushaji wa ndege. Safura na malaria hutibika, kisha damu hupimwa upya. Kumeza vidonge vya madini ya chuma kwa siri kabla ya kupimwa hupandisha tarakimu na kuficha chanzo.

Aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida si mgonjwa. Hata hivyo, Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani kiliwakataa watu hao hadi mwaka 1981.