Bwana Rainey na Safari za Nzige

Mkulima wa Voi aonapo kundi la nzige huuliza: Je, litaelekea wapi? Bwana R. C. Rainey, mtaalamu wa wadudu kutoka Uingereza, alitumia miaka mingi kutafuta jibu. Katika miaka ya 1950 aliyafuata makundi hayo nchini Kenya kwa eropleni. Ilidhihirika kwamba nzige mmoja mmoja huruka huku na huko, na wale wa pembeni hurudi ndani, lakini kundi zima huchukuliwa na upepo mpaka pepo zinapokutana. Hapo mvua hunyesha. Nzige hutaga mayai katika mchanga wenye unyevu, na watoto wao, tunutu, hupata majani. Nzige walipofika Taita Taveta mwaka 2021, elimu hiyo ilikuwa ingali na faida: atazamaye upepo hujua upande wa kuwangojea.