Damu ya aliyepona Ebola yatosha kuwa dawa?

Swali: Kama kingamwili hubaki katika damu ya aliyepona Ebola, kwa nini mgonjwa asiongezewe damu hiyo tu? (Msomaji, Lubunga, Kisangani)

Jibu: Kingamwili ni protini yenye umbo la Y: ncha za mikono yake hunasa kirusi mahususi, shina huita seli za ulinzi. Utasema, Kikwit mwaka 1995 wagonjwa 8 walipewa damu ya waliopona, 7 wakaishi. Kweli, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na damu huchanganya kingamwili kali na hafifu. Hivyo wataalamu waliteua kingamwili moja tu ya manusura wa Kikwit, mAb114, wakaizalisha kwa wingi. Katika jaribio lililoanza 2018 mashariki mwa Kongo, walioipata walikufa asilimia 35. Waliopewa ZMapp, dawa nyingine iliyolinganishwa nayo, asilimia 50. Ukiona dalili, wahi kituo cha afya: kingamwili hufaa zaidi virusi vikiwa bado vichache.