Kabla ya Kununua Mashine ya Maji, Pima Maji Kwanza

Katika mitaa na vijiji vingi vya Kaunti ya Nakuru, maji ya nyumbani hutoka kwenye visima virefu. Wapo wakazi wanaoletewa maji na lori, wapo wanaonunua kwa mtungi wa lita 20, na wapo waliochimba kisima chao uani. Wote hukutana na swali moja siku muuzaji anapobisha mlango: je, nyumba hii inahitaji mashine ya kulainisha maji, inahitaji kichujio, au haihitaji chochote?

Somo hili linaeleza jinsi ya kupata jibu. Kanuni ni moja: kifaa huchaguliwa kulingana na tatizo lililomo ndani ya maji. Familia isiyojua tatizo lake inaweza kumaliza akiba yote kwa mashine nzuri, na bado mtoto akaota meno ya kahawia.

Matatizo matatu yasiyofanana

Tatizo la kwanza ni ugumu wa maji. Maji magumu yana madini mengi ya kalisi na magnesi. Sabuni haitoi povu kwa urahisi, birika huota ukoko mweupe ndani, na shawa ya umeme huharibika mapema. Maji yenye zaidi ya miligramu 180 za ugumu kwa lita huhesabiwa kuwa magumu sana. Hata hivyo, ugumu huumiza mfuko zaidi ya mwili. Shirika la Afya Duniani (WHO) halijaweka kiwango cha ugumu kwa sababu za kiafya.

Tatizo la pili ni floraidi. Madini haya hutoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na kuyeyuka ndani ya maji ya ardhini. Floraidi kidogo hulinda meno. Ikizidi, humdhuru mtoto wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, hasa kabla ya kutimiza miaka 8. Meno huota yakiwa na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauwezi kuyaondoa. Kiwango kikiwa kikubwa sana na mtu akinywa maji hayo kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika. WHO inapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Tatizo la tatu ni vijidudu vinavyoleta kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Hivi huingia kupitia choo kilicho karibu na kisima, tangi lisilofunikwa au mtungi mchafu.

Povu linaweza kudanganya

Wakazi wengi huamini kwamba maji yanayotoa povu vizuri na yasiyoacha ukoko ni maji salama. Katika Bonde la Ufa imani hii ina hatari. Floraidi na kalisi hazikai pamoja kwa wingi, kwa sababu zikikutana hugandamana na kutuama. Kwa hiyo maji yenye floraidi nyingi mara nyingi huwa na kalisi kidogo, yaani ni maji laini. Maji hayo yanaweza kuwa meupe, yasiyo na harufu, na yenye kufua nguo vizuri.

Kumuiga jirani pia hakutoshi. Visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana kwa floraidi, kwa sababu vimefikia miamba tofauti au kina tofauti.

Kuchemsha nako hakuondoi floraidi. Tuseme familia ina lita 10 za maji yenye miligramu 2 za floraidi kwa lita, yaani miligramu 20 kwa jumla. Yakichemka hadi lita moja ikapotea kwa mvuke, miligramu zile 20 zitabaki katika lita 9, na kila lita sasa itakuwa na miligramu 2.2. Kuchemsha kumeua vijidudu, jambo ambalo ni jema, lakini floraidi imeongezeka katika kila kikombe.

Kila kifaa na kazi yake

Mashine ya kulainisha maji huondoa kalisi na magnesi na kuweka sodiamu mahali pake. Ndiyo maana huhitaji kuongezwa chumvi kila baada ya muda. Haiondoi floraidi wala haiui vijidudu. Kwa kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa katika lita moja, takriban miligramu 46 za sodiamu huingia. Nyumba yenye mtu anayeugua shinikizo la damu inafaa kuacha bomba moja la jikoni lisilopitia mashine hiyo, au kushauriana na daktari kwanza.

Kichujio cha mshumaa wa kauri huzuia tope na sehemu kubwa ya bakteria. Kichujio cha mkaa wa kawaida hupunguza harufu, rangi na ladha ya klorini. Vyote viwili haviwezi kutegemewa kuondoa floraidi.

Kichujio cha mkaa wa mifupa ya ng'ombe huondoa floraidi, na teknolojia hii imetumika Nakuru kwa miaka mingi. Udhaifu wake ni kwamba mkaa huo hushiba. Ukishashiba, maji huendelea kutoka yakiwa na ladha ileile huku floraidi ikipita. Ni lazima maji yapimwe mara kwa mara na mkaa ubadilishwe kwa wakati.

Mashine inayosukuma maji kupitia utando mwembamba huondoa floraidi, chumvi na ugumu kwa pamoja. Lakini huhitaji msukumo wa kutosha wa maji, ambao mara nyingi hutoka kwa pampu ya umeme. Pia humwaga sehemu kubwa ya maji yanayoingia, gharama ambayo mnunuzi wa maji ya lori anapaswa kuihesabu. Maji hayo yanayotoka pembeni yanaweza kukingwa kwa ajili ya kuosha sakafu na choo.

Jinsi ya kupima

Afisa wa Afya ya Umma katika wadi au kampuni ya maji ya eneo anaweza kumwelekeza mkazi kwenye maabara inayofaa. Mkazi aombe vipimo vitatu: floraidi, ugumu na vijidudu.

Kwa floraidi na ugumu, chupa safi ya plastiki hutumika. Bomba huachwa wazi kwa dakika chache, chupa husuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale, kisha hujazwa na kuandikwa tarehe na mahali maji yalipotoka. Kwa vijidudu, chupa iliyotakaswa huchukuliwa maabara, na maji hurudishwa siku hiyohiyo yakiwa yamewekwa mahali baridi.

Kufanya uamuzi

Floraidi ikiwa chini ya 1.5 na maji hayana vijidudu, nyumba haihitaji kichujio. Ikiwa maji hayo ni magumu tu, mkazi apime gharama ya mashine na chumvi yake dhidi ya gharama ya kurekebisha vifaa. Ukoko wa birika, kwa mfano, hutoka kwa siki.

Floraidi ikizidi 1.5, hasa penye watoto wadogo, fedha zianzie hapo. Si lazima kusafisha maji ya nyumba nzima, kwa kuwa kuoga na kufua kwa maji yenye floraidi hakuna madhara hayo. Yanayohitaji kutibiwa ni maji ya kunywa, ya chai, ya uji na ya kupikia.

Maji ya mvua ni msaada mkubwa, kwani karibu hayana floraidi. Maji ya kisima yenye miligramu 3 yakichanganywa nusu kwa nusu na ya mvua hushuka hadi takriban 1.5. Maji ya mvua yakingwe kwa mabati safi, yale ya mwanzo yamwagwe, na ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Aidha, magadi ya kulainishia githeri na mboga huweza kuwa na floraidi nyingi. Ni vyema kuloweka mahindi na maharagwe usiku kucha badala ya kutia magadi.

Vijidudu vikipatikana, dawa ni kuchemsha au klorini, kisha kutafuta chanzo: choo, tangi au mtungi.

Kabla ya kulipa, mkazi amuulize muuzaji maswali matatu. Kifaa hiki huondoa nini hasa? Kichujio hubadilishwa baada ya lita ngapi, na kwa bei gani? Je, maji yaliyotoka kwenye kifaa yanaweza kupimwa maabara kabla ya malipo ya mwisho? Anayekwepa swali la tatu hafai kulipwa.

Maswali ya kujipima

1. Maji ya kisima yanatoa povu jingi. Je, hayana floraidi? Jibu: Haiwezi kujulikana bila kupima.

2. Familia imepata floraidi ya 2.5 na ugumu wa 40. Je, inunue mashine ya kulainisha? Jibu: Hapana. Maji tayari ni laini. Inahitaji kichujio cha floraidi au kuchanganya na maji ya mvua.

3. Kichujio cha mkaa wa mifupa kimetumika miaka mitatu bila kubadilishwa, na ladha ya maji iko sawa. Je, bado kinafanya kazi? Jibu: Ladha haionyeshi. Maji yapimwe, na kabla ya majibu kutoka, watoto wapewe maji kutoka chanzo kingine kilicho salama.