SOMO LA KAZI YA MIKONO: KINGA NDOGO YA WAYA WA MUKUBA



Hapa Lubumbashi watoto wanatengeneza magari na kinga za waya. Ni mchezo mzuri, lakini mara nyingi magurudumu ni makubwa mno na gido ni fupi, sababu alipima kwa macho tu. Leo tutengeneze kinga ya milima, ile batu banaita VTT, kwa kipimo cha kweli.

1. KIPIMO KIMOJA KWA VYOTE. Tuchague moja kwa kumi: kila urefu tunaugawanya kwa 10. Gurudumu la inchi 26, pamoja na pine yake nene, liko na karibu sentimita 66. Letu litakuwa milimita 66. Mkono wa pedale wa milimita 170 utakuwa 17. Omba kinga ya jirani, pima sehemu zote, kisha chora kinga ndogo kwenye karatasi. Waya utaukunja juu ya mchoro ule.

2. WAYA WA KADRE. Wengi wanafikiri waya wa umeme wa namba 6 uko na unene wa milimita 6. Sivyo! Namba ile ni eneo la pale ulipokatwa: milimita 6 za mraba. Gawanya 6 kwa 3.14, tafuta kipeo cha pili, zidisha kwa 2: unapata unene wa 2.76. Bomba kubwa la kadre likiwa na milimita 28.6, kwa kipimo chetu ni 2.86. Basi waya ule unafaa. Lehemu kwanza pembetatu ya kadre kwa bati, sababu pembetatu haipindi upesi kama umbo la pembe nne.

3. RAYO. Rayo ya kweli iko na milimita 2, yetu 0.2. Utazipata ndani ya waya laini wa lampe: fungua nyuzi moja moja. Zikaze sawasawa pande zote. Mvuto ule njo unashika jante iwe duara. Baba wa makala anayeingia mjini na mifuko juu ya kinga anabebwa na vijiti vyembamba namna hii.

4. SHENE. Kiungo cha shene ni milimita 12.7, chetu kingekuwa 1.27. Kwa mikono ni vigumu sana. Sokota nyuzi mbili, halafu andika chini ya kazi yako: «Shene haifuati kipimo.» Ukificha jambo hili, batu watatilia mashaka hata magurudumu uliyopima vizuri.

5. MUKUBA UTOKE WAPI? Tanuru la Lubumbashi lilianza kuyeyusha mukuba mwaka 1911, na hata leo mukuba ni feza. Lakini waya uliokatwa kwenye nguzo unaweza kuua mkataji, na unaacha mtaa mzima gizani, pamoja na wagonjwa wake. Omba mabaki kwa fundi wa umeme, na umwulize alivyoyapata. Kazi iliyopimwa vizuri kwa waya wa wizi si kazi ya kweli.

ZOEZI. Kinga ya kilo 13, ikipunguzwa kwa 10 katika urefu, upana na kimo, kwa vyuma vile vile, itakuwa na gramu ngapi? Na kwa nini kadre yetu itazidi uzito huo? Fikirieni ndani ya bomba muko nini.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho